Gemu Imeuza Nakala Ngapi? Wasomaji Wanauliza, Tunajibu

Barua nyingi za toleo hili zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: takwimu za mauzo ya gemu zinapatikana wapi bila kulipia, na ipi kati yake ni ya kuaminika. Tumezipa barua hizo safu nzima.

Ndugu wahariri, nasoma takwimu mwaka wa tatu hapa Dodoma. Kwenye mradi wangu natumia lile faili la mauzo ya gemu, vgsales.csv, linalopatikana bure Kaggle, tovuti ya kugawana data. Nimejumlisha mauzo kwa kila mwaka, na grafu inaonyesha soko la gemu lilifika kileleni 2008 kisha likaporomoka hadi karibu sifuri. Msimamizi wangu amekataa matokeo lakini hakuniambia kosa liko wapi. — Mwanafunzi, Dodoma

Msimamizi wako amekutendea haki. Safu ya Year kwenye faili hilo ni mwaka ambao gemu ilitoka, haikuambii nakala ziliuzwa lini. Mauzo yote ya maisha ya gemu yamebebeshwa mwaka ule mmoja. Tazama mstari wa kwanza kabisa, Wii Sports: mwaka 2006, Amerika ya Kaskazini milioni 41.49, Ulaya 29.02, Japani 3.77, kwingineko 8.46, jumla milioni 82.74. Nakala hizo ziliendelea kuuzwa miaka mingi, ila grafu yako inazirundika zote 2006. Upande wa pili wa grafu mambo yanageuka. Faili lilikusanywa 2016, kwa hiyo gemu ya 2008 ilikuwa imepata miaka minane ya kuuza na ya 2015 haikuwa na zaidi ya mwaka mmoja na kitu. Hata kama soko lilikuwa linapanda, grafu hiyo lazima ishuke.

Jambo la pili ni chanzo chenyewe. Faili lina mistari 16,598 iliyokwanguliwa kutoka tovuti ya VGChartz, na VGChartz ilikuwa inakadiria. Haikuwa na risiti za maduka yote. Zaidi ya hapo, ilikuwa inakadiria diski na kaseti za madukani, na gemu zilizopakuliwa kwa intaneti hazimo au zimo kidogo sana. Jumlisha mistari mitano ya Grand Theft Auto V: PS3 21.40, Xbox 360 16.38, PS4 11.98, Xbox One 5.08, kompyuta 1.24. Unapata milioni 56.08. Kampuni ya Take-Two, mchapishaji wake, ilitangaza mwaka 2024 kwamba gemu hiyo imevuka milioni 200. Sehemu ya pengo hilo ni miaka iliyopita tangu 2016, na sehemu ni upakuaji. Angalia hasa ile 1.24 ya kompyuta: gemu za kompyuta wakati huo zilikuwa zinanunuliwa Steam, duka la gemu la mtandaoni, na huko VGChartz haikuwa na jicho.

Sasa usafi wa data. Mistari 271 haina mwaka na 58 haina mchapishaji. Ukifungua kwa pandas, zana ya data ya lugha ya Python, ile N/A iliyoandikwa kwenye nafasi hizo inageuka tupu yenyewe na safu ya mwaka inakuwa desimali (2006.0), ukifungua kwa Excel inabaki kama maandishi na kuharibu upangaji. Kuna gemu ya Nintendo DS iitwayo Imagine: Makeup Artist iliyoandikwa mwaka 2020, ilhali faili lilikusanywa 2016, hilo ni kosa la uandishi tu, na mstari huo peke yake unakuvutia mhimili wa grafu miaka kadhaa mbele. Na jihadhari na amri ya kuondoa marudio. Need for Speed: Most Wanted ni gemu mbili tofauti, ya 2005 na ya 2012, na zote mbili zilitoka Xbox 360 na kompyuta. Ukiondoa marudio kwa jina na mashine pekee, unaifuta moja iliyo halali. Weka mwaka kwenye sharti.

Sifuri nazo zisikudanganye. Namba ziko katika mamilioni kwa tarakimu mbili baada ya nukta, kwa hiyo chochote chini ya nakala 5,000 hivi kinasomeka 0.00, sawasawa na gemu ambayo haikuuzwa kabisa Japani au ambayo hakuna aliyeikadiria. Gemu zilizouza chini ya nakala 10,000 hivi duniani hazimo kabisa, kwa hiyo usiandike popote kwamba "gemu ya kawaida huuza nakala kadhaa": gemu ya kawaida haimo kwenye faili. Bara letu zima limo ndani ya Other_Sales pamoja na Amerika ya Kusini, Australia na Asia nje ya Japani. Usijenge hoja yoyote ya Afrika Mashariki juu ya safu hiyo.

Mradi wako bado unaokoka ukibadilisha swali. Chukua gemu zilizotoka kati ya 2005 na 2010 pekee, zilizokwishapata muda wa kutosha wa kuuza, ulinganishe aina za gemu kati ya Japani na Amerika ya Kaskazini. Tumia wastani wa kati, yaani medani, maana Wii Sports moja inatosha kuupotosha wastani wa kawaida wa kundi zima la gemu za michezo (Sports). Tena iandikie maelezo yake: nje ya Japani na Korea Kusini gemu hiyo iliwekwa ndani ya boksi la konsoli, kwa hiyo ile 41.49 haimaanishi watu milioni 41 walioingia dukani kuitaka. Kwenye mhimili andika "mauzo ya jumla kwa mwaka wa kutoka". Msimamizi wako akiona maneno hayo atajua umeelewa.

Mbona filamu ikitoka Ijumaa, Jumatatu dunia nzima inajua imeingiza dola ngapi, ila gemu hatuambiwi? — Msomaji, Mombasa

Kwa sababu majumba ya sinema ya Marekani hutuma mauzo ya tiketi sehemu moja, kampuni ya Comscore, na studio zimezoea kujitangaza: makadirio Jumapili, hesabu kamili Jumatatu. Kwenye gemu aliyehesabu Marekani ni kampuni ya NPD, ambayo tangu 2023 inaitwa Circana baada ya kuungana na IRI. Wauzaji wa rejareja huipa takwimu zao, na wachapishaji hulipa ada kubwa kuzisoma. Ni bidhaa ya biashara. Kwa miaka kadhaa NPD ilikuwa inawamegea wananchi kipande kila mwezi: konsoli hii imeuza ngapi, gemu hii nakala ngapi. Mwaka 2010 ikaacha kutoa namba za konsoli hadharani, na kilichobaki ni orodha ya nafasi bila idadi.

Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu historia ya kazi ya sanaa inayopendwa na mamilioni ya watu imefungiwa kwenye kabati la kampuni moja. Hata hivyo orodha ya nafasi ina faida kwa anayejua kuisoma. Circana hupanga kwa fedha, haipangi kwa idadi ya nakala. Gemu ya dola 70 iliyouza nakala 100,000 imeingiza milioni 7, na ya dola 30 iliyouza nakala 200,000 imeingiza milioni 6. Ya kwanza inakaa juu ingawa wanunuzi wake ni nusu. Pia tafuta kinyota pembeni ya gemu za Nintendo. Kinakwambia nakala zilizopakuliwa kwenye duka la Nintendo hazimo, kwa kuwa Nintendo haiwapi. Kwa hiyo ukiona gemu ya Mario nafasi ya nane, ujue hiyo ni nafasi ya kaseti zake tu.

Uingereza na Ufaransa nazo hutoa orodha za wiki bila idadi.

Salamu kwenu. Sisi ni watengenezaji wawili hapa Nairobi, tunajenga gemu ya mafumbo ya kuuza Steam. Kabla ya kuendelea tunataka kujua gemu zinazofanana na yetu zimeuza kiasi gani. Moja ina maoni 1,200 na inauzwa dola 14.99. Tovuti ya makadirio iitwayo Steam Spy inasema wenye nayo ni kati ya 20,000 na 50,000. Pengo hilo ni kubwa mno kwetu. Kuna njia nyingine? — Watengenezaji, Nairobi

Ipo, na ni nzuri mkiitumia kwa nidhamu. Kwanza mjue kwa nini Steam Spy inatoa pengo. Sergey Galyonkin aliianzisha 2015 kwa mbinu ya kuchukua sampuli: kila siku ilisoma maktaba za wachezaji waliokuwa wazi kwa umma, kisha ikapiga hesabu ya wote. Aprili 2018 Valve, wenye Steam, wakabadilisha mpangilio na maktaba zikafichwa isipokuwa mwenyewe achague kuzifungua. Sampuli ikakauka. Tangu hapo Steam Spy inakisia kwa viashiria vingine na kutoa makundi mapana.

Miezi mitatu baadaye, Julai 2018, mlango mwingine ulifunguka na kufungwa. Steam huonyesha asilimia ya wachezaji waliopata kila tuzo ndani ya gemu, na mfumo wake ulikuwa unatoa asilimia hizo kwa tarakimu nyingi mno baada ya nukta. Tuzo moja ikionyesha 42.857142857 na nyingine 14.285714286, aliyesoma sehemu anaona mara moja 3/7 na 1/7: wachezaji ni 7, au kizidishe cha 7. Gemu ikiwa na tuzo arobaini na tarakimu za kutosha, inabaki idadi moja tu inayokubaliana na zote. Kwa njia hiyo watu walipata idadi kamili ya wachezaji wa maelfu ya gemu, mpaka Valve ikazikata tarakimu. Orodha zilizohifadhiwa wakati ule bado zina thamani kwa gemu za kabla ya katikati ya 2018. Kumbukeni tu kwamba zilihesabu waliocheza, na aliyenunua bila kufungua hakuhesabiwa.

Njia iliyobaki ni maoni. Inaitwa kwa jina la mtengenezaji Mike Boxleiter, aliyeona kwamba idadi ya maoni kwenye Steam inakwenda sambamba na mauzo. Fanyeni hivi.

Chukueni namba ya gemu, zile tarakimu zinazofuata neno app kwenye anwani ya ukurasa wake. Kwenye kivinjari andikeni: store.steampowered.com/appreviews/NAMBA?json=1&language=all&purchase_type=all&num_per_page=0. Yatarudi maandishi mafupi. Mnachotafuta ni total_reviews. Mkiacha kuandika purchase_type, Steam inahesabu waliolipia Steam pekee na kuwaacha walioingia kwa funguo (namba za siri za kufungulia gemu) za bure, za vifurushi au za michango ya ujenzi. Kila namna ina matumizi yake. Kosa ni kupima gemu moja kwa namna hii na jirani yake kwa namna ile. Kama gemu iliwahi kushambuliwa kwa maoni ya hasira, ongezeni filter_offtopic_activity=0, maana bila hiyo Steam inaweza kuyatoa kwenye hesabu kimyakimya.

Kisha zidisheni. Watengenezaji waliotangaza namba zao wenyewe wameangukia mara nyingi kati ya mara 20 na mara 60. Mtakutana na vizidishi vikubwa zaidi kwenye makala za zamani. Hivyo ni vya kabla ya mwisho wa 2019, Steam ilipoanza kuwaomba wachezaji maoni ndani ya maktaba mpya. Maoni yaliongezeka, kizidishi kikashuka. Kwa gemu yenu ya maoni 1,200 pigeni hesabu tatu: mara 20 ni 24,000, mara 35 ni 42,000, mara 55 ni 66,000. Gemu za hadithi zinazogusa hisia huvuta maoni mengi, kwa hiyo kizidishi chake ni kidogo. Gemu za watoto na zile za kupitisha muda zinaweza kuuza sana na maoni yakawa machache. Gemu za bure hesabu hii haizifai kabisa.

Bora zaidi ni kujitengenezea kizidishi chenu kutoka kwa gemu ambazo wenyewe walisema namba. Mfano wazi ni Stardew Valley, namba 413150: Desemba 2024 ilitangazwa kuwa imevuka nakala milioni 41 kwenye mashine zote, milioni 26 kati yake zikiwa za kompyuta. Tafuteni maoni yaliyokuwepo mwezi ule, mgawanye. Ni gemu kubwa kuliko yenu kwa mbali, basi tafuteni tatu au nne za ukubwa wenu, za aina yenu, zilizotoka miaka miwili mitatu iliyopita. Watengenezaji wadogo hutangaza wanapofika 10,000 au 50,000, na tarehe ya tangazo ndiyo inayowapa kipimo.

Sasa fedha, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya kwa kuzidisha nakala na bei ya ukurasani. Nakala nyingi huuzwa wakati wa punguzo au kwa bei nafuu ya nchi mbalimbali. Kadirieni asilimia 60 ya bei, yaani dola 9. Nakala 42,000 ni dola 378,000. Toeni asilimia 10 ya waliorudishiwa fedha (Steam hurudisha ndani ya siku 14 kwa aliyecheza chini ya saa mbili), inabaki 340,200. Toeni takriban asilimia 10 ya kodi ya ongezeko la thamani ya nchi za wanunuzi, inabaki 306,180. Steam inachukua asilimia 30, inabaki 214,326. Makato hayo ya Steam hushuka hadi 25 baada ya gemu kuingiza dola milioni 10 na hadi 20 baada ya milioni 50, habari njema isiyowahusu wengi. Kwa kizidishi cha chini mnapata dola 122,472, na kwa cha juu 336,798. Andikeni zote tatu kwenye mpango wenu, mjipangie matumizi kwa ile ya chini.

Kuna kato moja ambalo wenzetu wa Ulaya mara nyingi hawalitaji kwa kuwa haliwagusi. Marekani hukata asilimia 30 ya mapato yanayotokana na wanunuzi walio Marekani, isipokuwa nchi ya mtengenezaji iwe na mkataba wa kodi nayo. Kenya haina mkataba huo, Tanzania haina, Uganda haina. Kama wanunuzi wa Marekani ni theluthi ya mapato yenu, hiyo ni asilimia 10 ya jumla inayokatwa kabla fedha hazijafika benki.

Na lile pengo la Steam Spy? Makadirio yenu ya chini na ya kati yote yanaingia ndani ya 20,000 na 50,000, yale ya juu yanatoka nje. Chukulieni hilo kama sababu ya kulishuku la juu. Msilichukulie kama uthibitisho, kwa sababu Steam Spy nayo inakadiria.

Nauza konsoli na gemu Kariakoo. Nataka kuagiza mzigo kwa kufuata takwimu. Namba za PlayStation na Nintendo nazipata, za Xbox sizipati popote. Zimefichwa wapi? — Mfanyabiashara, Dar es Salaam

Hazipo, ndugu yetu. Microsoft iliacha kutangaza idadi ya konsoli za Xbox mwaka 2015, ikasema itaripoti idadi ya watumiaji wa huduma yake. Kinachojulikana tangu hapo kimetoka pembeni. Mwaka 2022, ilipokuwa inatetea ununuzi wa kampuni ya gemu ya Activision Blizzard mbele ya mamlaka ya ushindani ya Brazili, Microsoft yenyewe iliandika kwamba Sony iliuza zaidi ya mara mbili ya Xbox kwenye kizazi kilichopita. Yeyote anayekupa idadi kamili ya Xbox Series anakupa makadirio yake.

Nintendo ndiyo iliyo wazi kuliko wote, na wanaostahili sifa tuwape. Nenda kwenye tovuti yake ya wawekezaji ya Japani, upande wa Kiingereza, tafuta ukurasa wa idadi ya mauzo ya mashine na programu. Kila robo mwaka, mapema Februari, Mei, Agosti na Novemba, wanaandika idadi ya kila konsoli na gemu kumi zinazoongoza. Kuna pia faili la historia linalogawa mauzo kwa Japani, Amerika na kwingineko, tangu konsoli ya Famicom ya 1983. Hadi Machi 31, 2025 Switch ilikuwa milioni 152.12 na Mario Kart 8 Deluxe milioni 68.20. Sony hutoa idadi ya PS5 kila robo mwaka, ambayo kwa tarehe hiyohiyo ilikuwa imevuka milioni 77, pamoja na jumla ya gemu zilizouzwa na asilimia ya zilizopakuliwa. Hizo ni gemu zote kwa pamoja. PS4 iliachwa ikiwa milioni 117.2, Machi 2022. Kwa gemu mojamoja mwone Capcom, ambayo ina orodha ya kila gemu iliyovuka nakala milioni moja na huisasisha mara kwa mara.

Kabla hujaagiza mzigo, fahamu namba hizo zinahesabu nini. Konsoli "iliyouzwa" kwenye ripoti ya kampuni kwa kawaida ni ile iliyotoka ghalani kwenda kwa wauzaji. Kwa kampuni, wewe ndiye mteja: ukinunua mashine hamsini zikakaa rafuni miezi sita, kwao zimekwisha kuuzwa. Ndiyo maana robo ya Oktoba hadi Desemba huonekana nono na inayofuata nyembamba, maduka yakiwa bado yanamalizia shehena ya Krismasi. Mitumba haihesabiwi popote, na PS4 iliyotoka Dubai ikauzwa mara tatu Kariakoo ni mashine moja tu duniani. Kwa soko lako, daftari lako la miezi kumi na miwili lina ukweli kuliko ripoti ya Tokyo. Ile asilimia ya upakuaji ndiyo ikuhusu: inapanda, na kila inapopanda diski mpya zinapungua kutengenezwa.

Mimi ni mwandishi wa habari Kisumu. Nimesikia kesi za mahakamani huanika takwimu za siri za gemu. Nazipataje kihalali? — Mwandishi

Kesi ya mamlaka ya biashara ya Marekani dhidi ya Microsoft, iliyosikilizwa San Francisco Juni 2023, ni mfano mzuri. Sony ilitakiwa kutoa hati, na siri zake zikafutwa kwa kalamu nyeusi ya wino mzito kisha karatasi zikapigwa skani. Wino haukutosha. Waliosoma kwa makini waliona tarakimu chini yake: The Last of Us Part II iligharimu takriban dola milioni 220 na Horizon Forbidden West milioni 212. Angalia kwamba hizo ni gharama za kutengeneza. Usiziandike kama mauzo.

Hati za mahakama za shirikisho ziko kwenye mfumo wa PACER. Unafungua akaunti, unalipa senti 10 kwa ukurasa na si zaidi ya dola 3 kwa hati moja, na ukitumia dola 30 au chini ya hapo kwa robo mwaka hudaiwi kitu. Kabla ya kulipa, tafuta CourtListener, ambako hati zilizokwisha kununuliwa na wengine hupatikana bure. Uingereza, mamlaka ya ushindani huweka ripoti zake nzima kwenye tovuti ya serikali. Kila penye siri utakuta alama ya mkasi, na mara nyingi pembeni wamekuachia kiwango kama asilimia 10 hadi 20, ambacho unaweza kukinukuu. Hesabu za mwaka za kampuni zilizosajiliwa Uingereza nazo husomwa bure kwenye masjala ya Companies House. Studio nyingi za gemu zimo.

Hati zilizoibwa na wadukuzi ni jambo jingine. Ndani yake mna mishahara na pasi za kusafiria za wafanyakazi, na namba yoyote utakayoipata humo haina atakayeithibitisha. Usizitumie.

Nimeona Famitsu, jarida la gemu la Japani, inaandika idadi hadi nakala ya mwisho. Ina maana wao wanahesabu kila kitu? — Msomaji, Arusha

Hapana. Famitsu ni hazina, kwa kuwa kila wiki inatoa hadharani idadi za konsoli na gemu, jambo ambalo Marekani na Ulaya hawalifanyi. Wiki Switch 2 ilipotoka Juni 2025 waliandika 947,931. Lakini hiyo inatokana na maduka yanayoshiriki, kisha inapandishwa kukadiria nchi nzima, kwa hiyo zile tarakimu tatu za mwisho zisikupe uhakika usiokuwepo. Upande wa gemu ni diski na kaseti pekee. Gemu iliyoshuka ghafla kwenye orodha yao huenda inapakuliwa tu.

Gemu za simu je? Google Play inaonyesha "1M+". Naweza kuitegemea? — Msomaji, Kampala

Itegemee kwa inachosema: programu imesakinishwa angalau mara milioni moja. Ngazi inayofuata ni milioni 5, kwa hiyo 1M+ inaweza kuwa 1,000,001 au 4,999,999. Ukitaka kujua kasi, hifadhi picha ya ukurasa kila mwezi na uandike tarehe ngazi ilipobadilika. Kutoka 500K+ hadi 1M+ unajua nusu milioni zimeongezeka ndani ya muda gani. Usakinishaji hauonyeshi fedha, na Apple haionyeshi idadi yoyote.

Makadirio ya kulipia yapo, na kampuni kubwa humo ni Sensor Tower, iliyoinunua data.ai mwaka 2024. Data.ai ni ile iliyoitwa zamani App Annie. Septemba 2021 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza faini ya dola milioni 10. Watengenezaji walikuwa wameifungulia hesabu zao za siri kwa ahadi kwamba zitachanganywa na kufichwa majina, na App Annie ikazitumia zikiwa wazi kurekebisha makadirio iliyowauzia wawekezaji. Kwa hiyo chombo chochote kitakachokuomba nywila ya akaunti yako ya duka ili kikupe takwimu za bure, soma kwanza mkataba unasema watazitumia vipi, na uunganishe akaunti ndogo isiyo na ruhusa ya kuona mapato.